Doa Linalobaki Chunusi Ikiisha
Jeli ya asidi ya azelaiki: inavyofanya kazi, na kwa nini wengi huiacha kabla haijafanya kazi

Kila mhudumu wa afya aliyewahi kukaa katika kliniki ya ngozi anamfahamu mgonjwa huyu, ingawa jina lake hubadilika kila juma. Ni msichana wa miaka 20 hivi, au kijana wa kiume aliyeanza kazi karibuni. Anaketi, anafunua uso, na anapoulizwa kilichomleta hazitaji chunusi. Hugusa shavu kwa ncha ya kidole na kusema, "Daktari, haya madoa." Chunusi zenyewe zimebaki tatu au nne, madoa hayahesabiki. Chunusi hukaa siku chache na kwenda zake. Alama yake hukaa miezi sita, pengine mwaka, na mwenyewe hukutana nayo kila asubuhi kwenye kioo.

Swali linalofuata ndilo gumu: "Umekuwa ukipaka nini, mwanangu?" Hapo hupita kimya. Kisha mkoba hufunguliwa, na hutolewa kikopo kisicho na lebo, chenye krimu iliyochanganywa na muuza vipodozi mwenyewe. Huo ndio mkorogo. Umefanya kazi kwa majuma matatu, uso ukang'aa, kisha chunusi zikarudi nyingi kuliko mwanzo na madoa yakawa meusi zaidi.

Makala haya yanahusu dawa nyingine, ambayo hutibu chunusi na doa lake kwa pamoja bila kuichubua ngozi iliyo nzima. Ni dawa njema. Udhaifu wake ni kwamba huenda polepole, ilhali mkorogo huenda upesi, na katika tofauti hiyo ya majuma ndimo wagonjwa wengi wanamotupotea.

Yafaa tuanze na doa lenyewe, kwa maana wengi hulidhani kuwa ni kovu au uchafu uliogoma kutoka. Silo. Kovu ni badiliko la umbo la ngozi: shimo au uvimbe ambao kidole kinaweza kuuhisi. Doa ni badiliko la rangi tu. Ukipitisha kidole juu yake huhisi kitu, na ukilisugua kwa dodoki huliongezi ila weusi. Linatokea hivi. Kitundu cha kinyweleo huzibwa na mafuta ya ngozi yaliyochanganyika na seli zilizokufa. Bakteria waishio humo siku zote, Cutibacterium acnes, huongezeka. Mwili hupeleka askari wake, na pakawa na uvimbe, maumivu na usaha. Karibu na pambano hilo zimo seli zinazotengeneza melanini, yaani rangi ya ngozi, nazo zikichokozwa na uvimbe hutengeneza rangi kupita kiasi na kuimwaga katika seli jirani. Pambano likiisha, rangi hubaki. Kadiri ngozi ilivyo nyeusi ndivyo seli hizo zilivyo nyepesi kuitikia uchokozi. Ndiyo maana watu wa ngozi nyeupe mara nyingi huachiwa alama nyekundu inayofifia, nasi tukaachiwa nyeusi.

Melanini ikiwa imebaki katika tabaka la juu la ngozi, doa huwa la kahawia, na dawa ya kupaka hulifikia. Ikizama katika tabaka la ndani, doa huwa la kijivu linaloelekea samawati, na hapo hata dawa bora huchelewa sana. Mwenye kutumbua chunusi kwa kucha huongeza uvimbe na kuisukuma rangi chini. Mgonjwa huambiwa asitumbue, huitikia kwa kichwa, na jioni hutumbua. Tiba pekee ninayoiamini ni kucha fupi na kukaa mbali na kioo.

Historia ya asidi ya azelaiki inaanza na ugonjwa unaofahamika sana katika nchi zetu za joto: utangotango, yale mabaka yaliyopauka, yenye unga mwembamba, yanayotokea kifuani, shingoni na mgongoni wakati wa jasho. Husababishwa na kuvu aina ya Malassezia, ambaye huishi juu ya ngozi ya karibu kila mtu bila kumdhuru. Katika miaka ya 1970 huko Roma, watafiti Marcella Nazzaro-Porro na Siro Passi walijiuliza swali linaloonekana jepesi: kwa nini ngozi ya mabaka hayo hupungua weusi? Mwaka 1978 walichapisha walichokiona. Kuvu huyo anapotumia mafuta huzalisha asidi za aina fulani, na asidi hizo huzuia tirosinasi, kimeng'enya ambacho bila hicho melanini haitengenezwi. Miongoni mwake ilikuwamo ya azelaiki. Wakaanza kuijaribu kwa magonjwa ya weusi wa ngozi, na katika kazi hiyo likaonekana jambo ambalo halikutafutwa: wagonjwa waliokuwa na chunusi pia, chunusi zao zilipungua. Dawa ya doa ikawa dawa ya chunusi. Asidi hiyo hiyo imo kwa kiasi kidogo katika ngano na shayiri, lakini asitokee wa kudhani kwamba uji wa ngano utamsafisha uso.

Inapopakwa hufanya mambo kadhaa kwa wakati mmoja. Hupunguza bakteria wa chunusi, hurekebisha umwagaji wa seli zilizokufa ili vitundu visizibe, hutuliza uvimbe, na huzuia tirosinasi. Mambo mawili hapa yastahili kutazamwa kwa makini. La kwanza ni kwamba bakteria hawajaonyesha kuizoea dawa hii kama walivyozoea erithromaisini na klindamaisini, ambazo tumezipaka na kuzimeza kwa miaka mingi bila kujali usugu wake. La pili lina uzito zaidi kwa mgonjwa wetu. Asidi ya azelaiki hulenga hasa zile seli za rangi zilizochachamaa, na huziacha karibu kama zilivyo zile zinazofanya kazi yake ya kawaida. Doa hufifia likaelekea rangi ya ngozi inayolizunguka. Ngozi inayolizunguka haibadiliki. Kwa nadra sana ngozi nyeusi huweza kupauka mahali ilipopakwa, na mgonjwa aelezwe dalili hiyo ili arudi kliniki akiiona. Lakini anayetafuta weupe hataupata katika jeli hii, na ni heri aambiwe siku ya kwanza. Itamrudishia uso wake, haitampa wa mtu mwingine.

Tafiti zinaunga mkono matumizi haya. Mwaka 1991 ulichapishwa utafiti uliofanyika Amerika ya Kusini juu ya wanawake zaidi ya 300 wenye melasma, yale mabaka ya kahawia yanayoenea mashavuni na kwenye paji la uso, hasa wakati wa ujauzito. Kwa wiki 24 kundi moja lilipaka krimu ya asidi ya azelaiki ya asilimia 20, na jingine krimu ya haidrokwinoni ya asilimia 4, ambayo ndiyo iliyokuwa kipimo cha dawa zote za aina hiyo. Matokeo yalikaribiana. Jeli ya asilimia 15 nayo ilijaribiwa mahususi kwa watu wenye chunusi pamoja na madoa yake, katika utafiti mdogo wa wiki 16 uliochapishwa 2011, na yote mawili yalipungua. Tazama muda: wiki 16, wiki 24. Hakuna aliyeahidiwa siku saba.

Hapa inabidi turudi kwenye kikopo kisicho na lebo, kwa kuwa ndicho kinachoshindana na jeli hii, na kinashindana kwa hila. Ndani yake mara nyingi huwamo kimoja au zaidi kati ya vitu vitatu: haidrokwinoni isiyopimwa, steroidi kali, na zebaki. Steroidi hutuliza wekundu na uvimbe kwa siku chache, na ndiyo siri ya ule mng'ao wa juma la kwanza. Kisha ngozi huwa nyembamba, mishipa midogo ya damu huonekana, nywele huota mashavuni, na huzuka chunusi za aina yake, zenye vipele vinavyofanana kama vimepigwa muhuri mmoja. Haidrokwinoni ina nafasi yake mikononi mwa daktari, kwa kiwango kinachojulikana na kwa muda wenye mwisho. Ikipakwa kwa miaka huweza kuleta okronosisi, weusi wa kijivu ulio mgumu mno kutibika. Hali hiyo ilielezwa mwaka 1975 kwa wanawake wa Afrika Kusini waliokuwa wakitumia krimu za kuchubua, na mwaka 1990 nchi hiyo ikapiga marufuku vipodozi vyenye haidrokwinoni. Mtu alianza kwa kutaka kuondoa doa, akaishia na doa lisiloondoka.

Zebaki haiishii kwenye ngozi. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha taarifa za watu wazima 60 waliokuwa na ugonjwa wa figo unaovuja protini kwenye mkojo na kuvimbisha mwili. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia krimu za kuchubua ngozi zenye zebaki. Zaidi ya miaka 50 imepita. Vipodozi vya namna hiyo vimekatazwa katika nchi zetu, na Mkataba wa Minamata umevikataza kimataifa, lakini anayekaa kliniki hahitaji kusoma mkataba ili kujua kwamba bado vinauzwa. Mgonjwa mwenye historia ndefu ya mkorogo na miguu iliyovimba apimwe mkojo kabla ya kuzungumziwa lolote kuhusu madoa.

Kwa mhudumu wa afya, basi, swali la "umekuwa ukipaka nini?" ni sehemu ya matibabu, na liulizwe kwa upole. Akikemewa, mgonjwa ataficha kikopo na ataendelea kukitumia juu ya dawa utakayompa. Zipo sababu za kitabibu pia. Ngozi iliyokondeshwa na steroidi haivumilii asidi yoyote, hata hii iliyo ya upole. Anayeacha steroidi ghafla baada ya miezi mingi uso humwaka, hujaa vipele na kuwasha kwa majuma kadhaa. Akianzishiwa jeli katika siku hizo atailaumu jeli, naye ataurudia mkorogo kwa imani mpya. Kwanza ngozi itulizwe kwa sabuni isiyo kali na krimu ya kulainisha, na mwenye hali nzito apelekwe kwa daktari wa ngozi. Jeli isubiri uso upoe.

Ambaye ngozi yake haina historia hiyo anaweza kuanza. Dawa hupatikana kama jeli ya asilimia 15 na krimu ya asilimia 20. Tarakimu zisimdanganye mtu: jeli huiachia dawa ndani ya ngozi vizuri zaidi licha ya asilimia yake kuwa ndogo, na huifaa zaidi ngozi yenye mafuta, wakati krimu huifaa ngozi kavu. Vipo pia vipodozi vyenye asilimia 10 vinavyouzwa bila cheti. Hivyo ni dhaifu zaidi.

Uso uoshwe kwa maji na sabuni laini, ukaushwe kwa kuguswaguswa na taulo, na uachwe dakika chache mpaka ukauke kabisa, kwa kuwa ngozi yenye unyevu huwashwa zaidi. Jeli ipakwe nyembamba asubuhi na jioni. Mstari wa sentimita 2.5 kutoka kwenye tyubu hutosha uso mzima. Ipakwe eneo lote linalotokwa na chunusi, si juu ya kipele kimoja kimoja, maana chunusi ya wiki ijayo tayari imeanza kujengeka mahali ambapo leo hapaonekani kitu. Iepushwe na macho, midomo na ndani ya pua, na mikono ioshwe baada ya kupaka. Mafuta ya mgando na mafuta mazito ya nywele yasifike usoni. Wapo waliotumia dawa hii kwa uaminifu huku mafuta ya nywele yakiteremka kwenye paji la uso na kuziba kila kitundu ambacho jeli ilikuwa ikijaribu kukifungua.

Sasa tufike kwenye majuma ya kwanza, ambayo ndiyo ninayotaka kila mwenzangu ayazungumze kinagaubaga kabla mgonjwa hajainuka kitini. Jeli hii huwasha. Hupitisha uchomozi mdogo kama wa pilipili iliyosalia kidoleni, huanza dakika chache baada ya kupaka na hutulia wenyewe. Ngozi inaweza kukauka na kumenyuka kidogo. Kwa wengi hali hiyo hupungua baada ya wiki mbili hadi nne. Aliyeambiwa mapema huivumilia. Asiyeambiwa hudhani amepewa sumu, hutupa tyubu siku ya nne, na huwaambia wenzake wa bwenini. Mwenye ngozi laini aanze mara moja kwa siku, au siku moja apake na siku moja apumzike, kisha aongeze. Krimu ya kulainisha isiyo na manukato ipakwe baada ya jeli kukauka. Lakini uso ukivimba, ukitoka malengelenge, au mwenye pumu akibanwa kifua, dawa isimamishwe na mgonjwa aonwe.

Chunusi huanza kupungua mnamo wiki ya nne, na nafuu ya kuonekana huja kati ya wiki ya 8 na ya 12. Madoa huchelewa zaidi, na yale ya kijivu huchelewa kuliko yote. Miezi sita si mingi kwake. Sababu yake ni rahisi kumweleza mtu: jeli haifuti rangi iliyokwisha kumwagwa, huzuia nyingine isitengenezwe, na ile ya zamani husubiri ngozi ijibadilishe na kuibeba nje.

Kazi hiyo yote jua linaweza kuiharibu kwa juma moja. Mionzi yake huziamsha zile seli za rangi ambazo jeli imezilaza. Imani kwamba mtu mweusi hahitaji kujikinga na jua haina msingi hapa. Kweli, melanini humlinda na saratani nyingi za ngozi, lakini doa lenyewe ni melanini, na jua ni chakula chake. Krimu ya kujikinga na jua yenye kinga ya 30 au zaidi ipakwe kila asubuhi baada ya jeli. Zile zenye rangi inayofanana na ngozi ni bora kwa madoa, kwa kuwa oksidi ya chuma iliyomo huzuia hata mwanga unaoonekana kwa macho, ambao nao huongeza weusi katika ngozi nyeusi. Najua bei zake. Asiye na uwezo avae kofia pana, ajifunike kanga au mtandio, ashike mwavuli, na atembee upande wenye kivuli. Si badala kamili, lakini si bure.

Wajawazito nao wauliziwe, kwa sababu ujauzito huleta chunusi na melasma kwa pamoja, na dawa nyingi za chunusi hufungiwa mlango wakati huo. Isotretinoini hulemaza mtoto tumboni na haiguswi kabisa, doksisaiklini haifai, adapaleni huepukwa. Asidi ya azelaiki hupenya katika damu kwa kiasi kidogo sana, na kwa kawaida imo mwilini kutokana na chakula, hivyo ni miongoni mwa chache ambazo daktari anaweza kumpa mama bila wasiwasi mkubwa. Anayenyonyesha asiipake kifuani mahali mtoto anapoweza kuigusa. Wanaume wenye vipele vya ndevu vinavyoacha madoa shingoni hunufaika nayo pia, ingawa wao huja kliniki wakiwa wamesukumwa na wake zao.

Ina mipaka yake. Chunusi kubwa zenye vinundu vya ndani na maumivu, zile zinazoacha mashimo, haziwezi kuachiwa jeli peke yake. Huhitaji dawa za kumeza na jicho la mtaalamu, na kila mwezi wa kuchelewa ni makovu mengine ambayo hakuna tyubu itakayoyajaza. Kwa chunusi za wastani inaweza kuunganishwa na benzoili peroksaidi au adapaleni, moja asubuhi na nyingine usiku, zikianzishwa kwa kupishana majuma kadhaa ili ikitokea ngozi imeghadhibika ijulikane ni ipi iliyoighadhibisha.

Jambo la mwisho linahusu simu ya mgonjwa. Mtu anayejitazama kila asubuhi haoni badiliko la polepole, kama vile mzazi asivyoona mtoto wake akirefuka. Siku ya kwanza, kabla hajaondoka, apigwe picha ya uso pande tatu karibu na dirisha, kwa simu yake mwenyewe, bila vipodozi na bila programu ya kung'arisha. Apewe tarehe ya kurudi baada ya wiki sita, na nyingine ya wiki 12. Wiki ya sita huja akiwa amekata tamaa, anasema dawa haifanyi kitu. Mwombe afungue picha ya kwanza, asimame dirishani pale pale, apige nyingine, aziweke pamoja.